Malaika wa Maganda ya Mahindi

Mfuko ulikuwa mweupe, wa mchele, ule unaofumwa kwa nyuzi za plastiki, na mdomo wake ulifungwa kwa kipande cha kitenge. Kwa miezi mitatu ulikaa nyuma ya mlango wa chumba cha binti yangu, na kwa miezi mitatu niliuchukia. Mwenye mfuko alikuwa mama mkubwa wangu, dada wa marehemu mama yangu, aliyefika kwetu Bunia kutoka upande wa Djugu baada ya kijiji chao kuchomwa. Kila asubuhi alikikunja kitenge alichojifunika, akakirudisha ndani ya mfuko, akafunga fundo lile lile. Mume wangu alikuwa amempigilia msumari ukutani, juu ya kitanda, ili atundike nguo zake kama watu wengine wa nyumba. Msumari ulibaki mtupu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kazi hii inaharibu ulimi. Kutwa nzima unawauliza watoto kwa nini hiki, kwa nini kile, mwishowe unarudi nyumbani na kuwauliza wakubwa zako vilevile. Siku moja, tukiwa tunakula, uvumilivu ukaniishia.

"Mama mukubwa, hii mufuko itakaa pale mpaka lini?"

"Noeli ikipita, nitaenda ku kambi," akasema. "Batu ya kwetu iko kule."

"Juu ya nini? Nani amekufukuza hapa?"

"Hakuna mutu amenifukuza, mwana yangu. Lakini nilifika kwako mikono mitupu. Mutu muzima hawezi kufika kwa batu mikono mitupu, akule, akunywe, alale, na kesho tena vile vile."

Nilimjibu vibaya. Nilisema nyumba yangu si kituo cha magari, kwamba mtu akiingia ameingia. Hakukasirika. Aliendelea kula kidogo kidogo, kwa adabu ile ya mgeni ambayo ilikuwa ikinichoma roho kuliko matusi.

Kambi za wakimbizi wa vita nilizijua. Nilikuwa na wanafunzi waliotoka huko, waliofika darasani na matope hadi magotini msimu wa mvua, na mara moja moja niliwasindikiza kurudi. Niliziona turubai zinavyopigwa na upepo, nikaona wanawake wa umri wa mama mkubwa wakichota maji ya mvua yaliyoingia walipolala. Wazo la kumpeleka pale kwa miguu yangu lilinitia hofu. Isitoshe, kulikuwa na jambo lingine. Mama mkubwa alikuwa na namna ya kukohoa asubuhi, kikohozi kidogo cha kusafisha koo kabla ya kuomba, na kilikuwa kikohozi cha mama yangu kabisa. Nilitaka abaki. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, na ndilo nililoshindwa kulisema. Badala yake niligombana na mfuko.

Desemba ikaingia, na binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi, akaanza wimbo wake wa kila mwaka. Alitaka girlandi, yaani zile kamba zinazometameta zinazoning'inizwa madukani karibu na Noeli, nyekundu na za dhahabu. Mwaka ule mshahara wa walimu ulikuwa unachelewa na gereji ya mume wangu, anayetengeneza pikipiki, haikuwa na kazi nyingi. Nikamwambia binti yangu kwamba Noeli yetu itakuwa ya wali na maharage, na kwamba Yesu mwenyewe alizaliwa bila girlandi. Nilidhani nimesema jambo la maana. Mtoto alinuna siku mbili.

Siku ya tatu mama mkubwa akamshika mkono na kumwambia ampeleke akaione hiyo girlandi. Wakaenda hadi kwenye duka moja karibu na soko. Waliporudi, mama mkubwa alikuwa na uso wa fundi aliyetoka kukagua kazi ya fundi mwenzake asiyemwogopa.

"Ile ni kazi ya mashini," akaniambia. "Inang'aa tu. Hakuna mutu alikaa chini akaifikiria. Nipatie maganda ya mahindi."

Nilimpa, nikidhani anatafuta kitu cha kumnyamazisha mtoto. Hivyo ndivyo nilivyokuwa simjui. Kule kwao alikuwa msuka vikapu na mikeka, na kwa miezi mitatu mikono yake ilikuwa imekaa kwetu bila kazi nyingine zaidi ya kuosha vyombo vyangu kabla sijaamka. Aliloweka maganda kwenye beseni hadi yakalainika. Akachukua ganda moja jembamba, akalikunja kichwa, akalifunga shingo kwa ukamba wa ganda lenyewe, akapitisha lingine kuwa mikono, na mengine akayashusha kuwa sketi. Mabawa aliyatoa kwenye ganda la nje, lile gumu lenye mistari. Muda wa mimi kuchambua mboga fungu moja, malaika alikuwa amesimama juu ya jiwe la kusagia, akikauka.

Nilivuta kiti nikakaa kumtazama. Sijui kama niliwahi kuona mikono inayofikiri haraka hivyo. Hakupima kitu kwa macho wala kwa rula. Kidole gumba kilikuwa kinajua. Akikosea alifungua na kuanza upya bila kuguna, na ganda lililochanika hakulitupa, alilitia pembeni, na baadaye likawa nywele.

Malaika wake hawakuwa wale wa kwenye kadi. Walivaa vilemba. Mmoja alikuwa mnene wa kiuno, na binti yangu akasema anafanana na mwalimu wake, ambaye ni rafiki yangu, kwa hiyo nikacheka na kukana kwa pamoja. Wa tatu alikuwa na kitu mgongoni: vijiti vidogo vilivyofungwa pamoja, na mkanda wa ganda umepita juu ya paji la uso, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba kuni kutoka shambani.

"Koko, malaika anabeba kuni ya nini?" binti yangu akamwuliza bibi yake.

"Anaenda kuona mama amezala," akasema mama mkubwa. "Utaenda kuona muzazi mikono mitupu? Maji ya mutoto itapata moto na nini?"

Basi wote waliofuata wakabebeshwa. Mmoja kuni, mmoja kikapu cha viazi, mmoja mtungi mdogo wa udongo uliokauka juani. Mume wangu aliporudi kutoka gereji aliwatazama waliojipanga dirishani na kusema kwamba kwa mara ya kwanza ameona malaika wanaofanya kazi.

Kwa wiki mbili nyumba ilikuwa karakana. Migomba ya nyuma ya nyumba ilitoa magome makavu, yale ya rangi ya kahawa yanayong'aa upande mmoja, na mama mkubwa akayachana vipande vyembamba, akasuka nyota za ncha sita ambazo hadi leo sijaweza kuzirudia. Vifuko vitupu vya maji ya kunywa, vinavyotapakaa kila mtaa wa Bunia, binti yangu aliviokota, tukaviosha, tukavikata kwa kuzunguka mpaka kila kimoja kikawa ukanda mrefu unaocheza na upepo. Karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti za sigara ililetwa na mume wangu kutoka kwa wateja wake. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo. Mara ya kwanza niliipika mimi, ikawa nzito, na mume wangu akafunua sufuria akaniuliza sombe, yaani kisamvu, ya kulia ugali huo iko wapi.

Mchango wangu mkubwa ulikuwa makaratasi ya mitihani ya zamani, rundo zima nililokuwa natunza bila sababu. Mama mkubwa alipenda wino mwekundu niliosahihishia. Alikata karatasi ziwe duara, akazikunja, na wekundu wangu ukatokea kwenye ncha za petali. Miaka yote ile niliyomwaga wino juu ya makosa ya watoto wa watu, sikudhani utakuja kuchanua. Binti yangu alikaa akisoma majibu mabovu kwenye maua na kucheka hadi machozi, nami nilijidai kumkemea.

Kitu kimoja tu kilikosekana: uzi. Wa kushonea ulikuwa mwembamba, ukikatika kila tulipotundika nyota ya tatu. Vipande vya mipira ya ndani ya magurudumu ya pikipiki vilikuwa vizito na vyeusi, na malaika aliyening'inia navyo alionekana amekamatwa. Ndipo binti yangu, ambaye macho yake hayalali, akaona kwenye kona ya ule mfuko uzi mmoja uliochomoka, mrefu, mweupe, unaometa kidogo.

"Koko, hii ndiyo inafaa," akasema, akanyoosha mkono.

Mama mkubwa akauondoa mkono ule, taratibu, bila ukali.

"Ile hapana. Ile iko na kazi yake."

Niliinama juu ya karatasi zangu nisionekane uso. Kwa wiki mbili zile nilikuwa nimejidanganya kwamba mtu anayetengeneza nyota kwa bidii hivyo hawezi kuwa anajiandaa kuondoka. Kumbe alikuwa anatengeneza zawadi ya kuaga. Alitaka atoke kwangu akiwa ameacha kitu.

Sasa lazima niseme kuhusu mume wake. Tulijua kwamba alifariki wakati wa kukimbia. Alivyofariki hakusema, nasi hatukuuliza. Siku alipofika tulimpa pole mlangoni, tukampa maji ya kuoga na chakula, maisha yakaendelea. Mimi mwenyewe, niliyesomeshwa na mama yangu kwamba mfu lazima aliliwe na watu wake, sikukaa chini hata mara moja nikajiuliza kama mzee yule aliwekewa kilio.

Siku mbili kabla ya Noeli nilienda soko kuu na binti yangu, anisaidie kubeba. Mume wangu alikuwa gereji. Mama mkubwa alibaki peke yake, na alikuwa na mpango ambao hakumwambia mtu. Kwa mwanamke mmoja anayepita mtaani kwetu akiuza mawese ya Marabo, alikuwa ameagiza matawi ya mchikichi, marefu na mabichi. Kijijini kwao, Noeli ikikaribia, kila lango lilisimikwa matawi hayo pande zote mbili, na njia ya kwenda kanisani nayo vilevile, ili mtoto Yesu apite kwenye kijani. Mwanamke alileta matawi asubuhi ile ile. Mama mkubwa akachimba mashimo kwa kisu cha jikoni, akasimika matawi langoni, mawili kulia na mawili kushoto, na mengine akayalaza chini ukingoni mwa barabara. Malaika na nyota hakuvitundika, kwa sababu uzi haukuwepo. Akaamua kutungoja turudi tutafute njia.

Mtu yeyote wa mtaani angemwambia. Bunia yetu imejaa watu wa kila upande, na waliotoka magharibi, Kisangani na kwingineko, walikuja na desturi ambayo sasa ni ya wote: matawi ya mchikichi yakisimikwa mbele ya nyumba, barabarani, maana yake nyumba hiyo ina matanga. Pikipiki zinapunguza mwendo, muziki unazimwa, na jirani anaacha alichokuwa anafanya anakuja kukaa. Lakini kule milimani kwa mama mkubwa kifo kilitangazwa kwa ngoma na sauti za wanawake. Matawi yalikuwa ya furaha.

Tulirudi kwa pikipiki, mimi, binti yangu, kilo za mchele, maharage, na samaki wa kukaushwa wa Tchomia niliojikaza kuwanunua kwa ajili ya sikukuu. Tulipokata kona ya mtaa wetu, kijana aliyetubeba akazima redio yake mwenyewe.

"Pole, mama," akasema bila kugeuka. "Ni nani?"

Nikatazama mbele nikaona matawi kwenye lango langu. Ndani ya uwanja niliona mabenchi, wanawake wamejifunga vitenge viunoni, wanaume wamesimama kando ya ua mikono nyuma. Nilishuka kabla pikipiki haijasimama. Kikapu kilianguka, samaki wakamwagika vumbini, na sikugeuka. Katika hatua zile chache nilishamzika mume wangu, nikajiuliza nitamwambia nini mtoto, nikamzika na mama mkubwa vilevile, kwa sababu hofu haina mpangilio.

Nikapenya katikati ya watu, nikamkuta mama mkubwa ameketi juu ya mkeka, mgongo wima, malaika wake wamejaa mapajani, anatabasamu. Watu walimshika mkono mmoja mmoja wakiinamisha vichwa, naye aliwaonyesha malaika. Waliokuwa karibu walitazamana. Niliambiwa baadaye walidhani uchungu umemgeuza akili.

"Mwana yangu, batu ya hapa iko na roho nzuri," akaniambia. "Wamekuja kuona Noeli yetu. Ona, wamebeba na kuni."

Ilikuwa kweli. Kando ya jiko langu kulikuwa na rundo la kuni, gunia dogo la makaa, na beseni la muhogo. Hivyo ndivyo watu huja kwenye matanga.

Laiti hofu yangu ingetoka kwa machozi. Ilitoka kwa hasira. Nikasema mbele ya watu wote, kwa sauti ile ninayowanyamazishia wanafunzi hamsini, kwamba hapa Bunia matawi haya ni ya msiba, kwamba mtu hawezi kusimika vitu barabarani bila kuuliza, kwamba nusura moyo wangu usimame. Nikawageukia majirani nikawaambia hakuna aliyekufa, wanisamehe, ilikuwa mapambo. Mwanamke mmoja akacheka ndani ya kiganja. Wengine wakaangalia chini.

Mama mkubwa aliwalaza malaika juu ya mkeka, mmoja mmoja, akainuka, akaenda langoni. Akashika tawi la kwanza kwa mikono miwili akaanza kuling'oa. Nilimfuata, tayari nikijutia kila neno.

"Nimekuletea aibu mu nyumba yako," akasema bila kunitazama. "Sitangoja Noeli. Kesho nitaenda."

Mwalimu mwenye maneno ya kila siku, nikasimama pale nimeshika fundo la kitenge changu.

Aliyetuokoa ni jirani yangu, mama mmoja wa Kisangani anayekaanga mikate kwenye kona yetu, mwanamke mzito wa mwili na wa maneno. Ndiye alikuwa wa kwanza kufika, na gogo lake la kuni begani. Alikuja langoni akaweka mkono juu ya tawi lile.

"Usitoe," akamwambia mama mkubwa. "Kwanza nikuulize. Bwana yako iko wapi?"

"Alikufa."

"Mulimulilia wapi?"

Mama mkubwa akaliachia tawi. Nadhani hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza swali hilo.

"Hatukumulilia," akasema. "Ilikuwa mu njia, siku ya tatu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Bale walikuwa wanatuongoza walisema tusitoe sauti, juu bale walichoma kijiji walikuwa karibu. Tulichimba na jembe moja. Tukamuweka, tukaendelea."

Yule aliyecheka alikuwa ameondoa kiganja mdomoni.

"Basi siye hatukukosea fasi," akasema mama wa mikate. "Tumekuja mu matanga, na matanga iko. Ikala chini, mama."

Akamshika mkono akamrudisha kwenye mkeka. Wanawake wakasogea wakakaa kumzunguka, wakavua viatu. Hakuna aliyeuliza tena kama ni Noeli au ni msiba. Mama mkubwa akaanza kulia, na mwanzoni alilia kama alivyofundishwa njiani, kiganja kimeziba mdomo, mabega yanatikisika bila sauti. Mama wa mikate akaushika ule mkono akautoa mdomoni.

"Hapa lia na sauti," akamwambia. "Hakuna mutu atakuja."

Sauti iliyotoka sitaiandika. Nitasema tu kwamba nami nilikaa chini nikalia, kwa ajili ya mzee ambaye utotoni alinichongea kijiko cha mti, na ambaye kwa miezi mitatu nilikuwa nimemsahau kwa sababu nilikuwa nagombana na mfuko.

Mume wangu alifika mbio kutoka gereji, mikono yote mafuta. Kuna mtu alimwambia kwamba kwake kuna matanga, na njia nzima hakuna aliyeweza kumwambia ni ya nani. Akatuhesabu kwa macho, mimi, mtoto, mama mkubwa, akaegemea ukuta kidogo. Kisha akaenda kukaa na wanaume bila kuuliza. Ni mtu wa aina hiyo.

Wali wa Noeli tuliupika mchana ule, kwa kuni walizoleta wao, na maharage yote. Binti yangu aliokota samaki vumbini, akawaosha, wakaingia sufuriani. Tulikula pamoja, sahani moja watu watatu. Jirani mmoja mzee, Mwislamu anayeuza vyombo vya wachimba dhahabu, aliomba dua kwa namna yake, kisha wanawake wakaimba wimbo wa kanisani kwa namna yao. Mama mkubwa aliulizwa mzee alikuwa mtu gani, akaeleza. Akasema alikuwa mvivu wa kulima na hodari wa kufuga nyuki, na watu wakacheka, naye akacheka pia akijifuta macho. Nimeishi mtaa huu miaka mingi na nimewasema sana majirani zangu: wanapenda domo, kuku wao wanakula mboga zangu. Siku ile niliwatazama nikaona ni watu wakubwa. Walikuja bila kujua ni nani amekufa, na kuni mabegani.

Jua lilipoanza kushuka walinawa mikono wakaondoka. Nikabaki na mama mkubwa kwenye mkeka. Safari hii nilisema bila kuzunguka.

"Mama mukubwa, nisamehe mudomo yangu. Mi sitaki uende. Mama yangu hayuko. Asubuhi nikikusikia unakohoa, najua mutu ya kwetu iko mu nyumba. Ile ndiyo uliniletea. Hukufika mikono mitupu."

Alinisikiliza hadi mwisho. Akachukua malaika mmoja aliyepinda bawa, akalinyoosha, akaniambia niingie ndani, baridi inaanza.

Asubuhi, mkesha wa Noeli, niliamka na sikusikia kikohozi. Nilitoka nje bila viatu. Matawi yalikuwa bado langoni. Chini yake, kwenye mkeka, mama mkubwa alikuwa ameketi na binti yangu, na juu ya magoti yake kulikuwa na ule mfuko, mtupu, umekatwa mshono. Alikuwa anachomoa nyuzi zake, moja baada ya nyingine, ndefu na nyeupe, akizisokota mbili mbili juu ya paja. Binti yangu alizipokea na kuzifunga kwenye vichwa vya malaika. Watano walikuwa wameshatundikwa matawini na mizigo yao mgongoni, wakizunguka taratibu. Kile kipande cha kitenge kilichofunga mdomo wa mfuko kilikuwa kilemba cha mmoja wao.

"Leta mukasi," mama mkubwa akaniambia. "Hii uzi itafika mpaka ku mulango."

Niliingia chumbani kutafuta mkasi. Nyuma ya mlango hapakuwa na kitu. Juu ya kitanda, kwenye msumari wa mume wangu, vilining'inia vitenge viwili, sweta ya kijivu na rozari, na msumari ulikuwa umeinama kidogo kwa uzito.